Wahindi wa Jinja wana mto wa kurudia, sisi wa Gatumba tuna mto wa kukimbia

NDUGU msomaji, kila mwaka mvua za Machi na Aprili zinapokolea, sisi wakazi wa Gatumba hulala jicho moja likiwa wazi. Hatuogopi mwizi wala mwenye nyumba. Tunaogopa mto. Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo zake ukaingia majumbani, madukani na makanisani, na maelfu ya watu wakahama na magodoro kichwani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipoteza magunia sita ya unga wa muhogo, madumu ya mawese na daftari la wadeni, na hadi leo wapo walionufaika na kuzama kwa daftari lile.

Lakini leo sitaki kuzungumzia hasara ya mali. Nataka kuzungumzia wafu wetu, na mahali pa kuwakumbukia. Najua wengine watasema mama huyu amekosa la kuandika, watu hawana mafuta ya gari yeye analeta habari za makaburi. Naomba nivumiliwe hadi mwisho.

Agosti 2023, kabla mpaka wetu na Rwanda haujafungwa tena Januari 2024, nilipanda basi kutoka Bujumbura kwenda Kampala kupitia Kigali kufuata mzigo wa vitambaa. Mzigo ulichelewa siku tatu. Mwenzangu mmoja wa safari alikuwa na deni la kudai Jinja, yapata kilomita 80 mashariki ya Kampala, akaniomba nimsindikize. Nikaona ni heri kuliko kukaa kwenye nyumba ya wageni nikihesabu dari.

Jinja ni mji ulioshika mlango wa Nile. Hapo ndipo mto unapotoka katika Ziwa Victoria na kuanza safari ndefu ya kwenda Misri. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo Julai 1862 na kuwatangazia wenzake kwamba amekiona chanzo cha Nile, ingawa wenyeji walikuwa wakichota maji hapo tangu enzi za mababu. Maporomoko aliyoyaona Speke hayapo tena. Yalizama baada ya kujengwa bwawa la umeme la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Katika barabara kuu ya mji bado yanasimama maduka ya Wahindi ya zamani, na juu ya milango mingi imeandikwa jina la familia na mwaka wa kujengwa.

Kando ya mto, kwenye bustani, niliona sanamu ya Mahatma Gandhi. Nikashangaa. Mtu wa India anatafuta nini Uganda? Nikaelezwa kwamba baada ya Gandhi kuuawa Januari 30, 1948 na mwili wake kuchomwa kwa mila za Kihindu, majivu yake yaligawanywa na kupelekwa katika mito mbalimbali. Sehemu kubwa ilimiminwa Februari 12 mwaka huo pale mito ya Ganga na Yamuna inapokutana, katika mji ambao leo unaitwa Prayagraj. Sehemu nyingine ilisafirishwa hadi Jinja, ikamiminwa katika Nile. Sanamu yenyewe ilizinduliwa 1997 na Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, Inder Kumar Gujral.

Nieleweke hapa. Sikusimama pale kumwabudu mtu. Najua kwamba Gandhi alipokuwa kijana Afrika Kusini aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi, na najua kwamba huko Ghana wahadhiri na wanafunzi walipinga sanamu yake hadi ikaondolewa chuo kikuu Desemba 2018. Kilichonishika ni jambo jingine. Ni kwamba watu waliotoka mbali, wakaishi ugenini vizazi kadhaa, waliutazama mto wa ugenini wakasema: huu nao unafaa kubeba wafu wetu.

Mdeni wa mwenzangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Jirani yake ni mzee wa Kihindi mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Wakati wawili wale wakibishana juu ya deni, mzee aliniwekea kiti na chai.

"Unatoka wapi, mama?"

"Burundi, mzee. Gatumba, mpakani na Congo."

Nikamwambia kwamba marehemu baba yangu alizaliwa Bururi, si mbali na Rutovu, na kwamba chemchemi ya Rutovu ndiyo inayohesabiwa kuwa chanzo cha Nile cha kusini kabisa. Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga hapo piramidi ndogo 1938 kuweka alama. Maji yale huingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria, ndipo yatoke hapo Jinja. Mzee akacheka.

"Kumbe mnatuletea maji miaka yote hii na hamlipi ushuru!"

Tulipozoeana akanisimulia yake. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Mzee alikuwa kijana wa miaka 19. Walikwenda Uingereza, katika mji wa Leicester, na baba yake akafia huko. Kabla ya kufa alimwita na kumpa wosia. Wahindu wengi hutamani majivu yao yafike Ganga, ikiwezekana katika mji wa Varanasi, ambao wao huuita pia Kashi. Baba yule hakutamani hivyo. Alisema: Ganga siijui. Mimi nimezaliwa Jinja, nipelekeni kwenye mto wangu.

Majivu yakakaa Leicester kwenye chombo, juu ya kabati, miaka kadhaa. Sheria ya Uganda ya 1982 ya mali zilizotaifishwa ilikuwa imefungua mlango wa kuwarudishia Waasia mali zao, na serikali ya Museveni ikawahimiza warudi. Mzee alirudi 1993 na chombo chake mkononi.

"Duka nililikuta na watu," aliniambia. "Nyumba niliikuta na watu. Mto tu ndio nilioukuta wazi. Nikaanza na mto. Nilipomaliza kumweka baba majini ndipo nikaenda ofisini kudai duka."

Ndugu msomaji, mwaka 1972 tunaujua sisi pia. Wakati Waasia wa Uganda wakifunga mizigo yao, wazazi wetu walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka kwa miguu. Mauaji yaliyoanza Burundi mwishoni mwa Aprili 1972, ambayo wazee wetu huyaita Ikiza, yaliwamaliza watu wengi mno na kuwafukuza wengine kwenda Tanzania, Zaire na Rwanda. Baba na mama waliwekwa katika makazi ya Katumba, karibu na Mpanda. Nilizaliwa huko 1974. Baba akafa huko, akazikwa chini ya mwembe alioupanda mwenyewe.

Wengi wetu tulirudi kati ya 2008 na 2010. Wengine, zaidi ya 160,000 tukihesabu na watoto wao, waliamua kubaki na kuchukua uraia wa Tanzania. Sisi tuliorudi, tunaoitwa abahungutse, tulikuta mashamba yana watu, na watu wale nao walikuwa wamezaa na kuzika humo. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliyoundwa 2006 ilipokea mashauri yetu kwa maelfu. Langu mimi sikulishinda wala sikulishindwa, nilichoka. Nikashuka Gatumba kuuza mawese, ndagala na vitambaa, kwa sababu mpakani hakuna anayekuuliza babu yako alizikwa wapi.

Mama yangu alifariki 2021, tukiwa bado kwenye mahema ya waliokimbia mafuriko, Maramvya. Alikuwa ameomba azikwe kando ya baba, Katumba. Niliweza wapi? Sikuwa hata na fedha za sanduku. Tulimzika kwa michango ya majirani. Siku ya kuganduka, tulipoondoa matanga, shangazi aliniuliza mbele za watu: "Baba yako yuko Tanzania, mama yako yuko hapa, wewe utalala wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda nalo swali lile hadi Jinja, na mzee wa Kihindi akanijibu bila kujua kwamba ananijibu.

Simaanishi kwamba tuanze kuchoma wafu wetu. Mimi ni Mkristo, na majirani zangu wa Buyenzi ni Waislamu. Wote tunazika, na tutaendelea kuzika. Ninachosema ni kwamba Wahindi wamejua siri moja ambayo sisi watu wa kukimbiakimbia tungepaswa kuijua kuliko wao: mtu aliyepoteza ardhi huhitaji mahali ambapo hakuna awezaye kupachukua, ambapo anaweza kurudi mara moja kwa mwaka akataja majina ya watu wake.

Huko Varanasi, ambako mimi sijafika, kuna ngazi za mawe zaidi ya 80 zinazoshuka hadi mtoni. Katika ngazi mbili, Manikarnika na Harishchandra, maiti huchomwa usiku na mchana. Wazee wagonjwa hupelekwa mji ule kusubiri kifo, kwa imani kwamba afaye Kashi hutoka katika mzunguko wa kuzaliwa upya. Na sisi wafanyabiashara tusijifanye hatuoni: mji mzima unaishi kwa mto. Kuna wauza kuni, wauza maua, wenye mitumbwi, wanyoaji, wauza chai na wafumaji wa hariri. Anayekuja kulia hununua chakula. Watu wa mpakani tunalielewa hilo bila kufundishwa.

Lakini nisije nikawauzia sura nzuri tu. Ganga hiyo hiyo inayoabudiwa ni miongoni mwa mito iliyochafuliwa sana duniani kwa maji ya vyoo na ya viwanda, na serikali ya India ilianzisha 2014 mpango mkubwa wa kuisafisha, kazi ambayo si ya siku moja. Katika mkusanyiko wa Kumbh Mela wa Januari na Februari 2025 huko Prayagraj, wakuu wa jimbo walihesabu mahudhurio zaidi ya milioni 600, na usiku mmoja wa Januari watu wasiopungua 30 walikufa kwa kukanyagana. Kuuita mto mtakatifu hakuusafishi, na kwenda kuhiji hakumlindi mtu na uzembe wa wapangaji. Tukiiga, tuige kwa akili.

Sasa tutazame mto wetu. Rusizi hutoka Ziwa Kivu, hushuka bonde lote la Imbo na kumwagika Tanganyika hapa hapa kwetu. Tanganyika nayo hutoa maji kupitia Lukuga hadi mto Congo na bahari ya Atlantiki. Maana yake, mvua inayonyesha juu ya mlima wetu mmoja hugawanyika: upande huu inakwenda Congo, upande ule inakwenda Misri. Nchi yetu ni ndogo, lakini inanywesha mito miwili mikubwa kuliko yote Afrika.

Na mito yote miwili imebeba watu wetu. Kando ya Ruvubu, katika Karusi, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua Januari na Februari 2020 mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Mwaka 1994 maiti za wenzetu wa Rwanda zilielea katika Akagera hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa Uganda, watu ambao hawakuwajua wala hawakuelewa lugha yao, wakawaopoa na kuwazika. Leo Kasensero, Lambu na Ggolo kuna makaburi ya ukumbusho yenye watu zaidi ya 10,000. Wageni waliwapa kaburi waliokosa kaburi.

Hapa Gatumba, usiku wa Agosti 13, 2004, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, wanawake na watoto wakiwa wengi, waliuawa katika kambi ya mpito waliyokuwa wamepewa hifadhi. Walikuwa wamevuka mpaka wakitafuta usalama, kama wazazi wetu walivyovuka 1972. Septemba 18, 2011, watu zaidi ya 30 waliuawa kwa risasi katika baa moja ya hapa hapa. Februari 2025, vita vya Kivu vilipokaribia, makumi ya maelfu ya Wakongo walikimbilia kwetu, wengi wakivuka Rusizi upande wa Cibitoke kwa kuogelea na kwa vyombo vya kubahatisha, na wapo waliozama. Je, majina yao yameandikwa wapi?

Kila Agosti 13, ndugu wa waliouawa 2004 hukusanyika kuwakumbuka, hapa na katika nchi za mbali walikotawanyikia. Mwaka 2024 ilitimia miaka 20, na familia zilikuwa bado zinadai haki. Nami naungama mbele yako, msomaji: kwa miaka mingi siku hiyo nilikuwa naiona kama siku ya kawaida ya soko. Watu wakipita na mashada ya maua, mimi nilikuwa napanga ndagala mezani. Nilijiambia kwamba hayo ni ya Wakongo. Mzee wa Jinja alipoanza na mto kabla ya duka, ndipo nilipoona aibu.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu, na yote yanawezekana bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, Agosti 13 tuhudhurie. Siku ile ni ya wenye wafu, tusiwanyang'anye wala tusiigeuze jukwaa la siasa. Tuende kama majirani waendavyo kwenye matanga: tukae, tunyamaze, tusaidie kubeba viti. Wafanyabiashara tufunge meza zetu hadi adhuhuri. Hakuna atakayefilisika kwa nusu siku.

Pili, tuweke kumbukumbu ya watu wa mto. Kila tarafa inayopakana na Rusizi iwe na daftari moja la waliookotwa majini: tarehe, mahali, jinsia, umri wa kukadiria, nguo, kovu, chochote kilichokuwa mfukoni. Wavuvi na wapiga makasia ndio huwaona wa kwanza, wafundishwe na waaminiwe. Akija mama kutoka Uvira baada ya miaka mitatu kumtafuta mwanawe, aonyeshwe ukurasa na kaburi. Na mahali palipoinuka, pasipofikiwa na mafuriko, tuweke jiwe la majina kwa wote waliochukuliwa na mto huu, wa huku na wa ng'ambo. Kila mwenye meza sokoni akitoa faranga 1,000 kwa mwezi, jiwe litapatikana. Tumechangia harusi za gharama kubwa zaidi.

Tatu, sisi tuliorudi tupewe njia ya kuzuru makaburi tuliyoyaacha Tanzania, na walioko huko wazuru ya huku. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Congo iliingia 2022. Kama gunia la unga lina karatasi ya kuvukia, mtu anayekwenda kufyeka kaburi la baba yake naye apate ya kwake, ya siku chache, bila kuzungushwa. Tusingoje wakubwa wakutane. Vyama vya abahungutse viandike maombi, vikodi basi moja kwa mwaka, vianze na Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kudharauliwa. Mtu ataniambia: kabla ya jiwe la wafu tupeni tuta la kuzuia maji ili walio hai wasife. Ni kweli, tuta tunalihitaji, na miti ya kushika kingo, na kuacha kujenga pale mto unapopumulia. Lakini nimeishi kando ya mto huu miaka mingi nikaona jambo moja: mahali ambapo watu hawana kumbukumbu, hapana anayepatunza. Tunatupa taka Rusizi kwa sababu kwetu ni mfereji wa mpakani tu. Tunachimba mchanga kwenye kingo usiku kwa sababu hatuna mtu wetu pale. Mtu hatupi takataka juu ya kaburi la mama yake. Siku jina la ndugu yako litakapokuwa limechongwa kando ya maji, utamkemea anayemwaga taka bila kungoja askari.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi tumekwisha kuyavulia. Tuliyavuka tukikimbia, tukayavuka tukirudi, tunayavuka kila wiki tukiwa na mizigo. Kilichobaki ni kusimama kando yake kidogo, bila mzigo, tukawataja waliobaki njiani.

Mwenzangu hakulipwa deni lake siku ile. Aliahidiwa tu, kama ilivyo kawaida. Mimi kabla ya kuondoka nilishuka mtoni peke yangu. Nilikuwa na leso ya mama kwenye mkoba. Nilitaka kuiacha ichukuliwe na maji yaliyotoka kwao Bururi, halafu nikaghairi. Nikaichovya, nikaikamua, nikarudi nayo. Nikipata njia ya kwenda Katumba nitaifunga kwenye mwembe wa baba.

Wakati nikiisubiri safari hiyo, Agosti 13 ijayo meza yangu itakuwa imefungwa hadi adhuhuri. Mteja wa ndagala atanikuta pale walipolala wale wa 2004, na kama ana nafasi, viti vya kubeba vitakuwapo.